Tangazo la Wazazi

Mimi ni karani wa uhamiaji, na kazi yangu kubwa, msinicheke, ni kubandika matangazo. Waziri akibadilika, tangazo linabadilika. Magazeti yakipiga kelele, linabadilika. La zamani silibandui, nabandika jipya juu yake, na ubao wetu sasa umenenepa kama godoro.

La chini kabisa lilidai barua ya ndugu aliye huku, basi. Ndilo nililoingia nalo mimi nilipohamia nchi hii. Likafuata la cheti cha daktari. Kisha la usaili kwa lugha ya huku, isipokuwa kwa mzazi aliyetimiza miaka sitini.

Mama yangu alikuwa na hamsini na minane, na usaili aliutaka. Kila jioni alinipigia simu kunisomea majina ya siku kwa lugha hiyo, kwa lafudhi ya kuchekesha. Nikajitia mjuaji.

"Usijisumbue, mama. Subiri miaka miwili, utaingia bila kuulizwa hata jina."

Akanisikiliza, maana mimi ndiye niliyekaa ndani ya ofisi.

Jumatatu ametimiza sitini, na fomu yake nikaiweka mezani siku hiyo hiyo. Leo Alhamisi bosi amenipa karatasi ambayo bado ina joto la mashine. Wazazi ni kuanzia miaka sitini na mitano. Usaili umefutwa.

"Na waliokwishaleta fomu?"

"Kama hazijagongwa muhuri, zirudi."

"Bosi, moja ni ya mama yangu."

Ameinua macho, na nimeona ananihurumia kweli. "Pole sana, ndugu yangu. Hata mimi nimeletewa tu."

Nimelipaka tangazo gundi kona zote nne. Foleni imesogea kusoma. Mwanamke mmoja ameniuliza kama umri unahesabiwa hadi leo au hadi siku ya safari. Nimemjibu vizuri, kama karani. Nilitamani kulichana.

Mchana mama amepiga. Masufuria ameshamgawia jirani, amebakiza moja la chai. Nimemweleza. Nimesikia kijiko kikigonga kikombe.

"Basi nirudie masomo yangu ya lugha?"

"Usaili haupo tena, mama."

"Sasa nifanye nini, mwanangu? Niambie. Wewe ndiye unayejua."