Ufunguo wa Kitasa cha Zamani

Dalili ya kwanza Dada kuiona ilikuwa uzi. Mdogo wake, kijana wa miaka kumi na mitano, alikuwa bado anavaa shingoni uzi mweusi wenye ufunguo wa nyumbani, na ufunguo ule haukufungua kitu tena.

Baba yao alikuwa mchonga funguo. Siku mama yao alipopewa talaka, Baba alibadilisha kitasa kabla vumbi la gari lililobeba vitu vya mama halijatulia. Alichonga funguo za kitasa kipya, akampa Dada mmoja. Alipooa tena, akamchongea na mama mdogo.

"Na mimi, Baba?" kijana aliuliza.

"Kesho. Kwani unakimbilia wapi?"

Kinyozi hajinyoi. Kesho ikazaa kesho. Akitoka shule, kijana alikaa kizingitini hadi Dada arudi kutoka kufua nguo za watu, kwani mama mdogo alishinda sokoni. Mwanzoni alimpokea beseni. Baadaye hata salamu haitikii. Mama mdogo akimwambia, "Karibu chakula, mwanangu," anajibu, "Mimi si mwanao. Hapa mimi mgeni tu." Baba akampiga kwa sababu ya mdomo huo. Kijana akaacha shule, kisha akaacha hata kukaa kizingitini.

Asubuhi moja mwenye duka la jirani alimkuta ndani ya duka lake, amelala juu ya magunia. Kufuli limefunguliwa bila mkwaruzo. Hakikuibwa hata kiberiti, lakini nani angengoja kukagua? Watu walimpiga mpaka meno yakabaki sakafuni, ndipo polisi wakamchukua.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," walisema wapita njia mbele ya kibanda cha Baba. "Mpelekee kitasa huyo, uibiwe vizuri!"

Mama mdogo alimsihi. "Mume wangu, nenda kamtoe. Mwenye duka amesema ukienda mwenyewe, atamsamehe."

"Aoze huko huko. Sina mwana mwizi."

Dada akaenda kituoni na uji. Kijana hakuweza kuunywa.

"Nilianza na mlango wetu," alisema kwa midomo iliyovimba. "Mwambie Baba kitasa chake kizuri. Kilinishinda."

Askari akamkabidhi Dada ule uzi, maana mahabusu haruhusiwi kuwa nao.

Dada hakuwahi kumjibu Baba neno; akisemeshwa, huangalia vidole vya miguu yake. Siku hiyo alikwenda kibandani, akauweka ufunguo mezani, kati ya tupa na unga wa shaba. Baba akautupia jicho mara moja tu. Kazi ya mikono yake aliijua.

"Huu wa zamani. Wa sasa kaupeleka wapi?"

Mashine ya kuchongea ilikuwa inazunguka bure. Dada akanyoosha mkono, akaizima.

"Hukumchongea, Baba. Ulipomfungia mama mlango, ulimfungia na yeye."