Siku Zilianza Kabla ya Plau

Kuruthumu, anayetuletea vitenge kutoka Mugumu, alisema kule Nyakunguru mama mmoja aling'olewa mlango wa nyumba kwa kuchelewesha mkopo siku tatu. Nilicheka. Siku tatu ni nini? Lakini tangu hapo kila nikifunga mlango wangu nilikuwa naushika kwanza, nione kama upo.

Nawaandikia wenzangu mnaotaka kukopa. Mimi nilikopa plau. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini hapa Machochwe, mume wangu ameshafariki, shamba jipya gumu kama barabara. Shemeji yangu Magige akanidhamini kwa maksai wake wawili. Tarehe 10 Januari 1977 nikaweka sahihi mbele ya Simioni, karani wa chama cha kijiji. Siku mia moja na themanini, alisema. Nikichelewa, riba shilingi tano kila siku. Zikipita thelathini, dhamana inauzwa mnadani. Yote hayo niliyaelewa.

Plau yenyewe ilikwama Musoma, lori halina dizeli. Ilifika tarehe 28 Februari. Sasa kwetu Wakurya ng'ombe wa mahari anahesabiwa siku anapoingia zizini. Aliyeahidiwa akabaki kwao bado si wako. Basi nikahesabu tangu plau ilipoingia kwangu. Kila mwezi mstari mmoja wa mkaa ukutani.

Tarehe 25 Agosti nikaenda na hela ya mahindi, nikijiona nimewahi.

"Shikamoo mama," Simioni akasema. Akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari. "Mwisho wako ulikuwa tarehe 9 Julai. Leo ni siku ya arobaini na saba."

"Mura, kijana wangu, plau iliingia kwangu Februari."

"Daftari halijui plau, mama. Linajua sahihi."

"Na wewe ukanyamaza tu?"

"Barua ilikwenda kwa mdhamini, mwezi wa saba."

Ile barua Magige aliisokotea tumbaku. Hajui kusoma, na hakuniuliza.

Nikamwita binti yangu Christina, yuko darasa la saba, ahesabu upya. Alipita mwezi kwa mwezi kwenye vifundo vya ngumi yake, hapa thelathini na moja, hapa thelathini. Nilikuwa naomba akosee.

"Amehesabu sawa, mama," akasema.

Hela yangu ilitosha deni. Riba, shilingi mia mbili thelathini na tano, sikuwa nayo. Kesho yake maksai mmoja akapelekwa mnadani.

Magige alikuja jioni, akaketi bila kukaribishwa.

"Maksai mmoja halimi," alisema. "Nilitoa wawili, nataka wawili. Na ng'ombe ndani ya nyumba hii wapo, wamevaa sare ya shule."

"Shemeji, Christina ana mtihani."

"Mtihani una maziwa?"

"Nipe mpaka nivune."

"Mavuno ya nani? Ya kwako ya mkaa?"

Nikamwambia ataje tarehe. Akataja 30 Juni mwakani, maksai awe zizini kwake, la sivyo Christina aozwe. Christina mwenyewe akaiandika, na Magige akaweka dole gumba. Nikauliza, "Kuanzia lini?"

"Leo," akasema, akicheka. "Umekuwa karani."

Siku mia tatu na nane. Safari hii nimehesabu vizuri. Plau imeegemea ukuta, haina wa kuivuta, nami nalima kwa jembe la mkono. Asubuhi Christina akiondoka na madaftari yake hunitajia zilizobaki, bila mimi kumuuliza.

Jiepusheni na haya:

Kuweka sahihi kabla kitu hakijafika mkononi.

Kuhesabu kwa mkaa wakati karani anahesabu kwa kalenda.

Kutoka ofisini bila tarehe ya mwisho, siyo idadi ya siku, tarehe yenyewe.

Barua yako kupitia kwa mtu mwingine.

Mdhamini anayejua una binti.