Waliobaki Chomboni

Fundi Mektrida alipotoka nje ya chombo, spana mkononi na nyota zimemzunguka kila upande, kibanda kizima cha video cha Eliufoo kiliacha kutafuna. Sirili alikuwa amekaa pembeni ya runinga, kipaza sauti kimeviringishiwa leso ili kisivume, na maneno yanayofuata aliyajua. Alikuwa ameyasikiliza peke yake tangu juzi, akayarudia na kuyarudia, na mbele ya hapo hakuweza kuendelea. Kiingereza chake hakikuwa cha chuo. Alikiokota mlimani enzi za ujana wake, akiwabebea wageni mizigo, lakini hapa hapakuhitaji chuo. Mwanamke yule alikuwa anaaga.

Kazi ya Sirili, kwa asiyemfahamu, ilikuwa kutafsiri filamu, na aliifanya kwa mdomo. Watu wa mtaa wa Pasua walijipanga kwenye mabenchi, yeye akapunguza sauti ya Wazungu na kupandisha ya kwake, akawa mara jambazi, mara bibi harusi, mara mbwa. Na kwa kuwa si rahisi kumpenda mtu ambaye jina lake linakushinda kutamka, aliwabatiza wote upya. Katika filamu hii ya chombo cha angani, iliyokuwa ikija sehemu baada ya sehemu kwa miaka, nahodha alikuwa Kapteni Fabian, na fundi wa mitambo, mama wa makamo mwenye ovaroli iliyojaa madoa ya oili, alikuwa Mektrida.

Jina hilo, la mke wake mwenyewe, lilimponyoka tu. Siku ya sehemu ya kwanza jenereta la Eliufoo lilizimika, na mke wa Sirili, aliyekuwa amemletea chakula, alilisema lile jenereta maneno makali, akalizaba kofi, likawaka. Filamu iliporudi, fundi wa chombo naye akaizaba injini kofi. Sirili akasema, "Huyu ni Mektrida," na kibanda kikacheka mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye bati. Tangu siku hiyo fundi yule alizungumza kwa ulimi wa mke wake. Aliwasuta maadui wa angani kama wauza maziwa wanaochanganya maji, na kila injini ilipokubali kuwaka alisema "Haika mbe", asante ya Kichaga, na mabenchi yote yakamwitikia. Mke mwenyewe alikaa nyuma kabisa, akijifanya amekasirika, na hakukosa hata sehemu moja.

Sasa alikuwa amelala mgonjwa kwao Kibosho, na pale nyuma hapakuwa na mtu aliyepakalia.

"Kapteni," Sirili alisema kwa ile sauti, "mlango huu haufungwi kwa ndani." Akaishia hapo. Midomo kwenye runinga iliendelea kwenda, kipaza sauti kikabaki kinavuma, na watu wakaelewa kabla hawajaambiwa.

Kwanza walikataa. Filemon, dereva wa bodaboda, alisimama akatangaza kwamba steringi, yule shujaa wa filamu, hafi, hajawahi kufa tangu dunia iumbwe, na maadamu hawajaonyesha maiti, basi mama yupo, atatokea mwishoni na kushangaza watu. Mwingine akamjibu kwamba steringi ni kapteni, fundi ni msaidizi tu, na nusura washikane mashati. Kindness, anayekaanga chipsi mlangoni, aliingia na mwiko wake, akamwona kapteni ameweka kiganja kwenye kioo upande wa ndani na fundi ameweka chake upande wa nje, akajifunika uso kwa aproni, na viazi vikaungua huko nje kila mtu akivisikia harufu. Mzee mmoja alitaka filamu irudishwe ilikotoka ikatengenezwe upya. Waliwalaani waliotunga, wakamlaani kapteni kwa nini hakutoka yeye mwenye nguvu zake. Kisha mmoja baada ya mwingine wakamgeukia Sirili, na makelele yakafa, kwa sababu wote walikuwa wamekumbuka jambo moja. Yule waliyekuwa wakimlilia hakuwa Mzungu.

Eliufoo alizima runinga. Hakuna aliyedai aone kilichobaki.

Mlangoni Kindness alimshika Sirili mkono, macho yamemvimba. "Baba Beatrice," alisema, "mama Beatrice akikuuliza, mwambie fundi alirudi salama. Na sisi wote tutasema alirudi." Waliokuwa nyuma yake wakaitikia, na hivyo ndivyo Pasua nzima ilivyokula njama kwa moyo mweupe kabisa.

Sirili alikwishazoea njama za aina hiyo. Hospitalini, daktari aliwaita pembeni yeye na shemeji yake Wenseslaus, kaka mkubwa wa Mektrida, akawaambia kilichobaki ni dawa za maumivu tu, wamrudishe mgonjwa nyumbani akae na watu wake. Wenseslaus ndiye aliyeamua. Mgonjwa haambiwi, alisema, ukimwambia umemzika. Sirili aliinamisha kichwa, kama wakwe wengi wanavyoinamisha mbele ya shemeji mwenye sauti, na Mektrida akaambiwa ana vidonda vya tumbo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya maradhi anayofichwa mwenyewe mwenye nayo.

Basi Mektrida akaishi kama mtu mwenye muda. Alizuia miche ya migomba isipandwe mpaka apone, asimamie mwenyewe, maana Sirili huchimba mashimo ya kufukia paka. Na binti yao Beatrice, aliyekuwa chuo Dodoma, alikataza asiitwe. Amalize mitihani, alisema, nitamwona akija likizo. Kila aliposema hivyo Sirili alitoka nje kwenda kumtazama ng'ombe, na ng'ombe wa watu hakuwa na tatizo lolote.

Jumapili, watu walipotoka misa, alimkuta mkewe ameketi kitandani, ameegemea mito, na Hilda, mdogo wake, anambembeleza anywe mtori wa ndizi. Runinga yao ndogo ilikuwa imekwisha kuhamishiwa chumbani. Kindness alipiga simu, Mektrida alieleza. Kasema sehemu ya mwisho ni nzuri sana, nzuri mno, halafu akakata kabla hajaulizwa habari za nyumbani.

"Tuwekee," alisema.

Sirili alijaribu kusema flashi yenye filamu ameisahau Pasua. Hilda, asiyejua lolote la filamu, aliiona ikichungulia mfukoni mwa shati lake na kumwonyesha.

Akaweka. Akavuta kigoda karibu na kitanda na kutafsiri bila kipaza sauti, na mwanzoni ilikuwa raha, lazima niseme. Fundi aligombana na injini, Mektrida akacheka akijishika tumbo, akamsahihisha mumewe pale fundi alipokuwa mpole kupita kiasi. Alikunywa hata mtori, vijiko viwili vitatu. Halafu chombo kikapigwa, taa nyekundu zikawaka, na fundi akachukua spana akatoka nje.

"Anasema anakwenda kufunga mlango," Sirili alisema, "akimaliza kuna chombo kidogo kimeegeshwa pale nyuma ya mwezi, atakipanda, atawakuta mbele ya safari, wamwekee chakula chake, wasimalize nyama."

Kwenye runinga kapteni alikuwa ameweka kiganja chake kwenye kioo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Nyuma yake mabaharia wote wa angani walikuwa wamevua kofia.

"Hao wanalia nini?" Mektrida aliuliza.

"Furaha."

Aliichukua rimoti juu ya shuka na kusimamisha picha. Hilda akabeba bakuli akaenda jikoni, na hakurudi.

"Baba Beatrice, Kiingereza mimi sijui," alisema. "Lakini wewe nakujua. Ukifika mahali hujaelewa wanachosema, unaongea haraka, unapita kama mtu anayevuka daraja bovu. Pasua hawajawahi kugundua. Leo umeongea haraka."

"Nilipitiwa."

"Hukupitiwa. Safari hii umeelewa." Akamnyooshea rimoti. "Rudisha. Nitafsirie alichosema."

Sirili alimfikiria Wenseslaus na sauti yake. Aliwafikiria watu wa mabenchi na ahadi yao. Aliirudisha filamu nyuma, akapitiliza, ikambidi asubiri fundi aage injini zake zote kwanza. Kisha akasema polepole, neno likifuata neno.

"Kapteni, mlango huu haufungwi kwa ndani. Usiniambie mtarudi kunichukua, Fabian. Mafuta nayajua, mimi ndiye niliyeyapima. Niambie tu nyumbani ni upande gani, nigeukie huko."

"Na akamwambia?"

"Akamwambia."

Nje mvua ndogo ya mlimani ilikuwa imeanza kugonga majani ya migomba. Mektrida alitazama uso wa mwanamke yule ndani ya kofia ya kioo.

"Na mimi?" alisema.

Sirili alimwambia. Alimwambia chumba walichoitiwa, alichosema daktari, alichoamua kaka yake, na kwamba yeye mumewe alikuwepo na hakufungua mdomo. Miaka yote alikuwa amejipatia riziki kwa sauti za watu wengine, na hapo hakupata hata moja ya kujifichia. Alipomaliza alikuwa analia, na mkewe analia, wala hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

"Nani anajua?" Mektrida aliuliza baadaye.

"Kaka yako. Hilda. Padri."

"Na Pasua?"

Sirili akainama. "Pasua wote."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa mwisho kupata habari zangu mwenyewe." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Walifanyaje fundi alipokufa?"

Akamsimulia. Filemon na steringi wake, mzee aliyetaka filamu irudishwe, Kindness na aproni. Aliposikia viazi viliungua Mektrida alicheka, maana Kindness hajaunguza viazi tangu aanze biashara, na kicheko kikamgeukia maumivu, Sirili akamshika mgongo mpaka yakatulia. Uso wake ulipoinuka haukuwa na kicheko tena.

"Mmeniibia," alisema. "Tangu Kwaresima nimelala hapa nasubiri kupona. Kumbe ningekuwa namsubiri mtoto."

Sirili alitaka kusema walifanya kwa kumpenda, na ilikuwa kweli, na ukweli wenyewe haukumsaidia mtu. Aliipiga namba ya Dodoma. Beatrice alipokea, akaamkia, akasema anajisomea kwa ajili ya mtihani wa Jumatano. Sirili alimwambia mama anakuita, panda basi la alfajiri.

"Nije na nguo nyingi, baba?"

"Njoo nazo zote," Sirili alisema.

Mektrida aliomba simu. Hakusema mengi, alimuuliza kama amekula, akamwambia asikae dirishani kwenye basi, kuna baridi. Alipoirudisha simu alikuwa amechoka sana, midomo imemkauka. Sirili alimnywesha maji na kumpandishia blanketi, akanyoosha mkono azime runinga.

"Unafanya nini? Endelea."

"Si ndiyo imeisha?"

"Imeisha wapi. Fundi ndiye aliyekufa. Nataka kuona waliobaki."

Sirili akakiri kwamba kilicho mbele hajakitazama, na kwamba hata Pasua waliizima palepale, hakuna aliyetaka zaidi. Mektrida akasema walikosea, na kwamba Eliufoo siku zote ni mwepesi wa kuzima. Alisogea kidogo ukutani, akapapasa godoro pembeni yake. Sirili aliacha kigoda akapanda, miguu yake ikining'inia nje, kichwa cha mkewe kikapata bega.

Walianza kutazama jambo ambalo hakuna kati yao aliyelijua. Mabaharia walikuwa mezani, na mmoja alikuwa amepakua sahani moja zaidi kwa mazoea, hajui aiweke wapi. Walisema machache, Sirili akayasema kwa Kiswahili yakiwa machache vilevile. Kisha kapteni akainuka na kushuka ngazi, akaingia chumba cha mitambo, ambako katika sehemu zote zilizopita hakuwa amefika ila kwa kuitwa. Spana moja ilikuwa imebaki sakafuni. Aliiokota, akaifuta kwa kitambaa, akasimama mbele ya kabati la vifaa.

"Anasema nini?" Mektrida aliuliza, macho yameanza kuwa mazito.

"Hasemi kitu."

"Basi usimsemee."

Sirili akafunga mdomo. Kapteni alivuta droo moja, akaangalia, akaifunga. Akavuta nyingine. Spana ilikuwa bado mkononi mwake, na ilionekana wazi kwamba mahali pake hapajui.

"Ya chini, baba," Mektrida alimwambia yule kapteni kwa sauti ndogo. "Ya chini kabisa."

Kapteni akafungua ya juu.