Usisogee, Zélie

Mimi nilimkataza Zélie asiende kuchorwa. Nilimkataza mbele ya Mama, tena kwa ukali, na yeye akanicheka.

"Dada nawe! Kusimama tu, faranga mbili. Wewe unainama kutwa kuchimbua kombe mchangani, unaambulia nini zaidi ya mgongo kuuma?"

"Kwenye mchanga wa ghuba hakuna kusimama. Unajua vizuri."

Alijua. Sisi wanawake wa ghuba ya Somme tunafundishwa hivyo kabla hatujashika reki: mguu unyanyuke, mguu ukanyage, hata ukiwa unapiga soga. Ukitulia mahali pamoja, mchanga unalegea chini yako na kukumeza taratibu, na bahari ikirudi haikungoji.

Lakini Bwana Vasselin, mchoraji, hakutaka mtu wa kuchezacheza. Alikulia bara, kando ya mto mtulivu, na huko ndiko alikojifunzia kazi: kukodolea macho mahali pamoja mpaka mwanga ubadilike, na kupaka kile jicho linachokiona, si kile kichwa kinachokijua. Wenzake wa Paris nao walichora hivyo hivyo. Kwao kulikuwa na miti, madaraja, mitumbwi. Kwetu alikuta mchanga na mbingu, basi, hakuna hata jiwe la kupimia urefu wa mtu. Akasema ghuba yetu imemfumbua macho, na kwamba hachori tena mto maisha yake yote. Mimi roho haikutulia tangu siku ile.

Siku ya kwanza ya kuchorwa Zélie alisogea hatua mbili tu, akafokewa mpaka akalia. "Umeniharibia asubuhi nzima, binti!" Kwa hiyo siku iliyofuata alidhamiria kusimama kama gogo, kwa ubishi wake ule ule.

Nilikuwa mbali nao, upepo unavuma kutoka kwangu kwenda kwao, sisikii kitu. Nilipoinua kichwa nilimwona mchoraji amenipa mgongo, burashi inakimbia. Mfereji wa nyuma yake ulishaanza kujaa maji ya bahari inayorudi. Nikaenda kumwambia muda umekwisha.

Ndipo nikaiona turubai aliyokuwa akichorea. Zélie alikuwa amechorwa, akakwanguliwa, akachorwa tena chini kidogo, akakwanguliwa, akachorwa tena, akakwanguliwa, akachorwa tena. Alama za kisu cha kukwangulia rangi zilikuwa bado mbichi juu ya kichwa chake, moja, mbili, tatu.

"Mwanga wa huku ni wa ajabu," akasema bila kugeuka. "Unamfupisha. Kila nikimtazama, amefupika zaidi."

Mungu wangu! Nilikimbia hata kilemba kikanianguka. Zélie alikuwa amezama mpaka mapajani, maji yanamzunguka, midomo imemwishia rangi.

"Nilimpungia mkono, Dada," akasema. "Akanipungia nitulie."

Nikalala kifudifudi, nikamnyooshea mpini wa reki, nikavuta. Hakutoka hata kidole. Nikapiga yowe, wanawake wakaja, tukachimba sote, na kila tulipochimba bahari ikafukia. Vasselin naye alichimba kwa mikono mitupu mpaka kucha zikatoka damu, hilo simnyimi. Maji yalipomfika Zélie kidevuni wenzangu walinibeba kwa nguvu. Niliwang'ata. Yeye alikuwa ananiita, akaendelea kuniita, mpaka maji yakamfunga kinywa.

Siku ya tatu baada ya mazishi Vasselin alikuja nyumbani. Alivua kofia mlangoni, akaiweka ile turubai mezani mbele ya Mama, akasema hawezi kukaa nayo na hawezi kuichoma. Nilitaka kumtoa kwa ufagio. Mama akanizuia, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akamtazama yeye.

"Ulikuwa unamwangalia wakati wote huo?"

"Wakati wote, mama," akajibu, machozi yakimtiririka. "Sikuondoa macho hata mara moja."