Amri Aliyoficha Kanyiva

Stima ilipopotea saa nne asubuhi, Kanyiva alikuwa kwenye foleni ya mahakama ya Makadara, akingoja kuapa kwamba amepoteza kitambulisho. Wenzake waliguna tu, lakini yeye aliwaza kazini kwake. Kule Buruburu, kwenye kliniki ya kujifungulia alikokuwa karani, kompyuta ilikuwa imezimika. Jenereta ingewashwa na kompyuta ingewaka, lakini rejista ya watoaji damu iliyokuwa ndani yake ingebaki imelala mpaka mtu aandike amri ya kuiamsha. Na amri hiyo aliijua yeye peke yake.

Haya, tuseme ukweli. Mbithi, fundi aliyeiweka kompyuta hiyo mwaka wa tisini na tano, alimwagiza aongeze mstari mmoja kwenye faili inayosomwa kompyuta inapowaka, ili rejista iwe inaamka yenyewe. Kazi ya dakika mbili. Kanyiva akaitikia vizuri, na hakuandika kitu. Makarani walikuwa wakipunguzwa kazini kila mahali, naye akaona hawatamfukuza mtu ambaye bila yeye rejista haifunguki. Kila stima ilipopotea na kurudi aliitwa, akaja kwa maringo, akabonyeza, wakamshukuru. Miaka miwili alikula hizo asante, mwanamke huyu.

Aliacha foleni akakimbilia kibanda cha simu. Akapokea Sista Nekesa, mkunga wa zamu.

"Kanyiva, uko wapi jamani? Kuna mama hapa, Triza, amejifungua na damu haikatiki. Nataka mtu wa damu ya O hasi, na kompyuta yako inasema rejista haipatikani."

"Nakuja, Sista."

"Utafika saa ngapi? Niambie nibonyeze nini."

Kanyiva akapiga hesabu. Akisema, wote watajua ni kitu kidogo hivyo. Aliiona barua ya kumwachisha kazi, akawaona watoto wake watatu nyumbani Kaloleni.

"Kwa simu ni ngumu," akasema, na akakata.

Alifika kando ya barabara, akasimama. Hata apate gari hapo hapo, ni robo saa, na yule mama anavuja damu. Hofu ya barua ikamtoka, ikaingia nyingine mbaya zaidi: kwamba ameua mtu, na bado mtu mwenyewe anapumua. Akageuka mbio. Kibandani alikuta bwana mmoja mwenye tai akicheka na simu. Akamshika mkono.

"Kaka, samahani. Kuna mtu anakufa."

Yule bwana alimtazama usoni, akakata simu bila kuuliza. Kanyiva aliangusha sarafu mara mbili kabla haijaingia.

"Sista, andika." Akamtajia amri herufi moja moja, kisha neno la siri, ambalo ni jina la kifungua mimba wake. Alisikia vidole vya Nekesa vikitafuta herufi. Alitaka kusali, asikumbuke hata neno la kwanza.

"Imefunguka," Nekesa akasema. "Kuna Wafula, wa kiwanda cha sabuni hapa nyuma. Natuma mtu sasa hivi." Kisha akauliza, "Ni hivyo tu, Kanyiva?"

"Ni hivyo tu."

Simu ikakatwa upande ule.

Alipofika kliniki, Wafula alikuwa akinywa soda, pamba imebandikwa mkononi. Triza alikuwa hai, midomo imempauka, mtoto kando yake. Hakuna aliyemgombeza Kanyiva, na hilo lilimwogopesha kuliko kugombezwa. Akaketi, akafungua ile faili, akauandika ule mstari. Akazima kompyuta, akaiwasha tena, mikono akaiweka mapajani. Nekesa alisimama nyuma yake. Maandishi yakapita, yakapita, na rejista ikafunguka yenyewe.

"Kumbe inaweza," Nekesa akasema.

Kanyiva hakugeuka kumtazama.

"Ingeweza tangu mwaka juzi, Sista. Mimi ndiye niliyeizuia."