Tasnifu ya Raushan

Kahambu alikuwa akimlisha bibi mmoja supu, mchana, katika nyumba ya kutunzia wazee kule Laeken, alipouona uso wa Raushan Bekturova kwenye televisheni. Kijiko kikasimama hewani. Raushan alikuwa akishuka kwenye gari jeusi mbele ya ikulu: balozi mpya wa Kazakhstan nchini Ubelgiji.

"Mwanamke wa maana huyo," bibi akasema.

"Kunywa supu, madame," Kahambu akajibu, kwa ukali ambao bibi yule hakuustahili.

Miaka ishirini na miwili nyuma, wawili hao walilala chumba kimoja Saint-Josse, juu ya duka la mikate, wote wakisomea uhusiano wa kimataifa. Kahambu, mtoto wa Butembo aliyekimbia vita, alikuwa wa kwanza darasani. Raushan, aliyekuja na Kifaransa cha kubabaisha, alikuwa wa kumi na moja. Hiyo Kahambu hakuisahau kamwe. Walipomaliza, nchi ya Raushan ilimpa kazi ya katibu wa tatu ubalozini. Kahambu naye aliitwa kwenye usaili Addis Ababa, lakini ombi lake la ukimbizi lilikuwa halijajibiwa. Angetoka Ubelgiji, asingeruhusiwa kurudi. Hakwenda. Jibu lilipokuja, miaka minne baadaye, alikuwa anaogesha wazee kwa zamu na ana mimba ya mwanawe, Noé.

Tangu hapo alimfuatilia mwenzake kama mtu anayegusagusa jino bovu kwa ulimi. Raushan mshauri wa ubalozi Vienna. Raushan mbunge Astana, amesimama anawabana mawaziri. Raushan naibu waziri. Kila cheo Kahambu alikisoma kwenye simu, ndani ya basi, na kila mara alitafuta kasoro: amenenepa, nywele amekata vibaya, lafudhi bado nzito.

Wiki ile ile mwandishi wa habari aitwaye Rayan akampigia. Alikuwa akiandaa makala ndefu kuhusu balozi, na jina la Kahambu alilikuta maktabani, kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu ya Raushan.

"Ulimsaidiaje?" akauliza.

Kahambu alikuwa jikoni kwake Berchem, mikono imejaa unga wa muhogo. Angeweza kusema kweli, kwamba alimsahihishia Kifaransa tu. Badala yake akaisikia sauti yake ikitoka, tulivu kabisa: "Ile tasnifu niliandika mimi."

Ukasikika mlio wa vidole kwenye kompyuta.

"Yote?"

"Karibu yote."

Alipokata simu, moyo ulikuwa mwepesi ajabu. Akasonga ugali huku akiimba. Utamu huo haukumaliza hata saa moja, kwani Kabamba, mumewe, mtu wa Lubumbashi asiye na maneno mengi, alikuwa sebuleni na alisikia kila kitu.

"Bon, Mama Noé, ile mémoire ni weye uliiandikaka?"

"Nilimusaidia sana, papa."

"Weye mwenyewe ulinielezaka: ule mwanamuke alikuwa analamuka mapema, anaandika na dictionnaire, anarudilia mara tatu. Ulikuwa unamuchekaka. Donc leo ni weye uliandika?"

"Sasa unamutetea! Yeye iko na gari, iko na bendera. Mie niko na nini?"

"Sijue. Lakini ile kazi haiko yako."

Kahambu akamgeuzia mgongo. Siku mbili hawakusemezana. Siku ya tatu, akitandika kitanda kazini, Raushan akamjia akilini bila kuitwa: amekaa sakafuni katikati ya makaratasi, wino hadi kwenye kidevu, akiuliza kwa mara ya kumi kama neno hili linafaa au lile. Kahambu akaliacha shuka, akaenda chumba cha kubadilishia nguo, akampigia Rayan.

"Nilikudanganya."

"Nimeshawauliza ubalozini, madame," Rayan akasema. "Sikutaja jina lako. Balozi mwenyewe alilitaja." Akamwomba aandike ukweli kwa barua na kutia sahihi, naye angeifikisha ubalozini. Kahambu akaiandika jioni ile ile.

Jumamosi Raushan alimwita kwenye mgahawa mdogo Saint-Josse. Alikuja peke yake, bila dereva. Hakumkumbatia.

"Tangu lini una kinyongo nami?" aliuliza, kwa Kifaransa kilichonyooka sasa.

"Tangu walipokupa ile kazi ya kwanza."

"Mimi nilikuambia nenda Addis Ababa."

"Wewe ulikuwa na pasipoti. Mimi nilikuwa na kadi ya kusubiri."

Raushan aliinamisha macho. "Hilo sikulifikiria. Lakini sikukuzuia mimi."

"Najua. Sikuwa na wa kumlaumu."

"Ukanipata mimi."

"Nikakupata wewe," Kahambu akasema, na machozi aliyokuwa akiyazuia yakamshinda. "Nisamehe."

Raushan alizungusha kikombe chake, hakunywa. "Kuna wanaume wazito kwetu wanaongoja nianguke miaka yote hii. Hawajaweza. Wewe ulikaribia kwa simu moja." Akavaa koti. "Barua yako nimeisoma. Asante kwa kuiandika. Kwa sasa usinitafute."

Akaenda zake. Kahambu akamtazama kupitia kioo cha dirisha akivuka barabara, mgongo umenyooka, na hata wakati ule, uso bado umelowa, alimwonea wivu kwa mwendo wake.

Makala ilitoka mwezi uliofuata. Habari ya tasnifu haikuwamo. Lakini katikati balozi alisema kwamba katika ujana wake alikaa chumba kimoja na msichana Mkongo aliyekuwa na akili kuliko darasa zima. Kama alisema hayo kabla ya ile simu au baada, Kahambu hakuwa na njia ya kujua. Alimpelekea Kabamba gazeti. Kabamba akavaa miwani, akasoma aya ile kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Soma tena," Kahambu akamwambia, huku yeye mwenyewe akikaa chini.