Kiti cha Twiga

Gari letu dogo la mbio nimelivua kila kitu: viti vya nyuma, zulia, redio, hata vioo vya milango nimeweka plastiki. Uwanjani kilo ni adui. Kiti cha dereva nacho hakisogei, maana reli zake ni uzito wa bure. Ukishakikaza kwa bolti sakafuni, basi.

Nimekikaza nyuma kabisa, kwa kipimo cha miguu ya kaka yangu, mirefu ajabu, ndiyo maana tunamwita Twiga. Alienda ng'ambo kutafuta kazi, akaahidi kurudi mbio zikianza.

Zimeanza. Kila nikipiga simu: "Nakuja, dada, vuta subira." Subira gani? Nimeivuta mpaka imekatika!

Leo nimeliendesha mwenyewe, mito miwili mgongoni ili mguu ufike kwenye klachi. Mama aliponiona alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, si utoboe matundu mengine, ukisogeze kiti mbele?"

Drili ilikuwa mezani, mkono wangu ukiifikia bila shida.

"Mito haina uzito, mama," nilimjibu kwa ukali, nikafunga mkanda.

Hakucheka tena.